Pima uwazi wa bomba kabla hujalipia: nini cha kununua kwa gari la turbo hapa Dar

Pistoni ya silinda namba nne ilimegeka pale ringi zinapokaa. Fundi aliilaza juu ya kitambaa, akanionyesha kipande kidogo kama punje ya hindi, akaniambia, "Dada, hiki ndicho kilichokuwa kinakumalizia oili." Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5, injini EJ20 ya turbo (feni inayoishindilia injini hewa), na nilikuwa nimelitunza miaka mitano: oili nabadilisha kila kilomita 5,000, mafuta najaza kituo kilekile cha Mwenge. Kilichoiua injini ile ni bomba la hewa la aluminiamu lenye eya klina ya umbo la uyoga. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 180,000 na nikafungiwa palepale mtaani. Injini ya mtumba pamoja na ufundi vilinitoka milioni nne na laki tatu.

Tangu nisimulie mkasa huo nimeandikiwa na wenye Impreza, wenye Legacy, na mmoja mwenye Skyline, wote wanauliza swali moja: nianze kununua nini? Nitawapangia kwa mtazamo wangu. Sitazungumzia farasi wangapi utaongeza, wala mlio. Hayo kila muuzaji atakueleza hata kama hujamuuliza. Mimi nataka tuzungumzie uwazi wa bomba, yaani upana wake wa ndani, pale inapokaa sensa ya hewa, kwa sababu sijakutana na duka hata moja linalolitaja jambo hilo.

Magari mengi ya turbo tunayoagiza kutoka Japani yana sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Katika Forester imekaa baada tu ya boksi la eya klina. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inahesabu: umepozwa kiasi hiki, basi hewa iliyoingia ni kiasi hiki, basi mwaga petroli kiasi hiki. Lakini waya ule haupimi hewa yote. Unapima ile inayougusa tu, kisha kontroli boksi inakadiria iliyobaki kwa kutumia jedwali lililoandikwa kiwandani, na jedwali hilo linaamini kwamba bomba lina upana uleule liliotoka nao Japani.

Sasa chukua bomba la milimita 65, uweke la 70. Kwa macho tofauti huioni. Lakini eneo la tundu hukua kwa mraba wa upana, kwa hiyo milimita tano tu zimeongeza nafasi kwa takriban asilimia 16. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi, waya unapozwa kidogo, na kontroli boksi inaamini injini inavuta hewa kidogo kuliko inavyovuta kweli. Inapunguza petroli. Na kwa kuwa inadhani injini haina mzigo mkubwa, inawahisha pia cheche za plagi. Petroli pungufu na cheche za mapema, kwa pamoja, ndani ya injini yenye turbo: hapo ndipo injini inapogonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na EJ20 inajulikana kwa pistoni zake kumegeka kwenye ringi ikigongeshwa.

Ubaya zaidi ni kwamba gari likiwa sailensa, yaani limesimama injini inawaka, au likitambaa kwenye foleni ya Morocco, hutaona kitu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua mafuta ni pungufu na kontroli boksi inaongeza. Fundi anapiga resi mbili tatu, taa ya injini haiwaki, mnapeana mikono. Balaa linakuja siku umeshuka Kimara kuelekea Kibaha, barabara iko wazi, ukakanyaga mafuta mpaka chini. Turbo ikishajaza presha, kontroli boksi haisubiri tena kusahihishwa na sensa ile, inafuata jedwali lake. Injini ya turbo ikiwa kwenye presha inataka uwiano wa hewa kwa petroli wa kama 11 au 12 kwa moja, wakati kwenye mwendo wa kawaida ni 14.7. Yangu sijui ilikuwa ngapi siku ile. Nilisikia sauti kama kokoto ndani ya kopo, sekunde mbili tatu, nikaachia. Wiki iliyofuata moshi wa bluu ukaanza.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni kuliacha bomba la kiwandani lilivyo, na kubadilisha chujio tu lililo ndani ya boksi. Hapa nasema wazi kwamba napenda HKS. Kampuni hii ya Japani ilianza mwaka 1973, na inatengeneza chujio bapa linalokaa ndani ya boksi la asili bila kugusa nyumba ya sensa. Ninalo sasa hivi. Gari linavuta kwa wepesi, na jedwali la kontroli boksi linaendelea kusema kweli. Yapo mengine mazuri ya aina hiyo, ila yale yanayopakwa mafuta yanahitaji mkono wenye kiasi: ukiyalowesha kupita kiasi, mafuta yanaufuata waya wa sensa na kuuchafua, na vumbi letu linanata humo.

Namba mbili ni geji ya hewa na mafuta, inayokuonyesha ule uwiano ukiwa unaendesha. Nunua AEM, ile inayokuja na sensa yake ya kufunga kwenye ekzosi. Haiongezi nguvu hata kidogo. Ningekuwa nayo siku ile ya Kibaha ningeona namba ikipanda wakati presha inajaa, ningeachia mafuta kabla ya zile kokoto. Kama fedha yako inatosha kitu kimoja tu cha kufunga mwaka huu na chujio lako bado ni zima, chukua hii.

Kisha plagi. NGK, na uelewe namba zake: kadiri namba ya joto inavyokuwa kubwa, ndivyo plagi inavyokuwa ya baridi, yaani inatoa joto haraka zaidi. Ya kiwandani ya EJ20 ni namba 6. Aliyepandisha presha anaenda 7, mwenye gari la kawaida abaki 6. Plagi bandia za NGK ni nyingi. Angalia maandishi kwenye kauri kama yametulia, na uzi wake kama umekatwa vizuri. Namba nne ni pampu ya petroli ya Walbro, kwa wale tu ambao pampu yao ya zamani imechoka au wanajiandaa kutyuni, yaani kuandikiwa upya jedwali ili kuongeza nguvu. Kuongeza pampu kwenye gari linalosomewa hewa vibaya hakusaidii, maana anayeamua petroli kiasi gani imwagwe ni kontroli boksi.

Ekzosi kubwa ni nzuri, lakini turbo ikipumua kwa wepesi presha inaweza kupanda kuliko ilivyopangwa, kwa hiyo usiifunge kabla hujampata mtu wa kuingia kwenye kontroli boksi na laptopu. Ile valvu inayopuliza "psshh" nje iache. Hewa inayotupa imeshahesabiwa na sensa, petroli yake imeshamwagwa, na ndiyo maana magari hayo yanatoa moshi mweusi kila yanapobadilisha gia. Mabomba ya bei rahisi yasiyo na jina nimeshayasema yote niliyonayo kuyahusu.

Petroli yenyewe sasa. Fungua kifuniko cha tangi usome, au mtafute anayesoma Kijapani akusomee. Magari ya turbo kutoka Japani kwa kawaida yameandikwa yatumie petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya kwao haipungui okteni 96 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili kugonga). Petroli yao ya kawaida huanzia 89. Hapa kwetu usihangaike sana na rangi ya kituo, kwa sababu mafuta yanaagizwa kwa pamoja na kushushwa kutoka meli zilezile. Kinachotofautisha ni tangi la chini ya ardhi na uaminifu wa mwenye kituo. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye petroli na dizeli. Mafuta ya taa yanashusha okteni vibaya sana, na gari la turbo ndilo la kwanza kulia. Chagua kituo chenye magari mengi, mafuta yasiyolala, na udai risiti kila mara. Vichupa vya kuongeza okteni sivipi nafasi. Vingi vinahesabu kwa "pointi", na pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi tu ya okteni. Vile vyenye manganizi vinaacha utando mwekundu kwenye plagi.

Kinachoniuma ni hiki. Bei ya petroli EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ukomo wake unajulikana, na bango liko nje ya kituo. Nikivuka barabara kuingia duka la spea, bei inategemea nimevaa nini. Nimewahi kutajiwa laki mbili na nusu kwa kitu ambacho kijana aliyekuwa nyuma yangu alitajiwa laki na sitini, tukiwa tumesimama kaunta moja. Na neno lao ni moja tu: "Inaingia." Niliuliza kama bomba lile litafaa Forester, nikajibiwa inaingia. Nikauliza kuhusu sensa, inaingia. Kweli iliingia, skrubu zote mbili zilikaa. Nilipolirudisha na pistoni mkononi, nilionyeshwa maandishi chini ya risiti ya kuandika kwa mkono, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji hakuwahi kulipima bomba lile, na mtu aliyemuuzia pia nadhani hakulipima. Dada zangu mnaoendesha, nendeni na mtu au nendeni peke yenu, ila msikubali kuharakishwa kaunta.

Nunua venia kalipa, kile kipimio cha chuma chenye taya mbili. Pima bomba lako la zamani kwa ndani, pale pale sensa inapoingia. Usipime kwa nje, kwa sababu plastiki ya kiwandani ni nene na aluminiamu ni nyembamba, utadanganyika. Andika namba kwenye simu. Dukani pima tena mahali hapohapo, na angalia kama kitundu cha sensa kinaipeleka katikati ya bomba au kinaiegemeza ukutani. Ikizidi hata milimita mbili, rudisha kwenye rafu, labda uwe tayari umeshaongea na mtu wa kuandika upya jedwali.

Wenye Caldina ya turbo mmeniuliza pia. Injini yenu ya 3S-GTE haina sensa hiyo ya waya. Inapima presha ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Bomba pana halitaidanganya kama lilivyoidanganya yangu. Nyie anzieni kwenye geji.