Karakana Iliyoirudishia Honi Yangu Sauti na Kuifuta Jina

Nilipolifungua gunia ndani ya karakana ile ya Malindi, kidole changu kilikwenda moja kwa moja pale kilipozoea kwenda, na hakikukuta kitu. Kwenye tarumbeta kubwa kati ya zile tatu za honi yangu ya treni palikuwa na namba 25, imetuna juu ya chuma kama kovu, nami niliijua kiasi cha kuitambua gizani kwa kupapasa. Sasa palikuwa laini kama sahani. Nikaigeuza ya pili, iliyokuwa na 31, kisha ya tatu, iliyokuwa na 44. Zote zilikuwa zimesagwa kwa grenda na kupigwa msasa hadi zikang'aa, na jina la kampuni limekwenda pamoja na namba.

Ninaandika uzoefu huu hasira haijanitoka. Honi hiyo niliitoa Lamu, nikavuka nayo kwa boti hadi Mokowe, kisha nikaipakata ndani ya basi njia nzima kwa sababu sikuliamini buti, na niliipeleka kwa kazi moja tu. Kiwambo cha tarumbeta ya 44, yaani lile bati jembamba la nyuma linalotetema na kutoa sauti, kilikuwa kimeliwa na chumvi ya upepo wetu wa pwani, kikatoboka, na kwa miaka kadhaa honi ya sauti tatu ilikuwa ikilia kwa sauti mbili. Nilimwambia mwenye karakana waziwazi: afungue nyuma, abadilishe kiwambo, asiguse kwingine. Hakuandika popote, nami sikumtaka aandike, na hapo ninajilaumu.

Asiyekusanya honi za treni za dizeli anaweza kuona kwamba ninalilia urembo. Silii urembo. Honi yangu, ambayo mjomba wangu aliyekuwa baharia aliniletea kutoka Marekani, ni ya Leslie, kampuni ya New Jersey iliyotengeneza honi zake kwa leseni ya Kockums wa Sweden. Leslie hawakuzipa tarumbeta zao namba ovyo: 25 ni tarumbeta inayotetema mara 255 hivi kwa sekunde, 31 ni mara 311, na 44 ni mara 440. Mkusanyaji akiziona tatu hizo kwenye kitako kimoja, moja ikitazama nyuma ili isikike pia upande wa mabehewa, anajua kwamba ana S-3L-R, kama Leslie walivyoiita aina hiyo ya honi, iliyotimia, wala si tarumbeta zilizookotwa huku na huku zikafungwa pamoja. Wanaopenda honi za kampuni nyingine, Nathan AirChime, nao husoma hivyo hivyo kilichoandikwa kwenye chuma kabla ya kusikiliza chochote. Namba na jina havikuchongwa baadaye. Vilitoka kwenye kalibu siku chuma kilipomiminwa, na ukivisaga huwezi kuvirudisha.

Halafu kuna rangi. Chini ya rangi nyeusi iliyokuwa inabanduka palikuwa na tabaka la buluu iliyoiva, na ile buluu ndiyo iliyokuwa tegemeo langu la kujua siku moja honi hii ilipanda treni za shirika gani. Nayo imeishia kuwa vumbi kwenye sakafu ya karakana. Mimi nimekulia mji wenye siwa ya shaba katika makumbusho yake, na tangu utotoni ninajua kwamba kitu cha kale cha kupulizwa huachiwa alama zake zote, hata zisizopendeza macho.

Nilipouliza nani kafanya hivi, mwenye karakana alitoka ofisini na simu sikioni, akaitazama honi, akanitazama mimi, akasema: "Mzee, honi ni honi. Nimekung'arishia bure, nawe walilia namba?" Nikamjibu: "Mwanangu, hizo namba ndizo jina lake." Akaniambia: "Basi kaandike kwa rangi." Vijana wawili wakacheka, naye akarudi kwenye simu yake. Maneno hayo yaliniuma kuliko hata lile grenda, kwa kuwa grenda lilishikwa na mtu asiyejua, na mwenye karakana nilikuwa nimekwisha kumwambia.

Nilikuwa ninaifunga ili niondoke wakati kijana wa tatu, ambaye hakucheka, aliponiambia kwa adabu: "Baba, usiende kabla hujaisikia." Yeye ndiye aliyekikata kiwambo kipya kutoka bati jembamba la chuma kisichoshika kutu. Akanionyesha kile cha zamani na kipya kando yake, akanieleza jinsi alivyokisugua kwenye kioo hadi kikalala sawasawa, kwa sababu hewa inayoingia nyuma hukisukuma kiwambo kiachie mdomo wa tarumbeta na kuurudia mamia ya mara kwa sekunde, na kikipinda hata kidogo honi hukwama au hutoa mluzi. Hakuna aliyemfundisha habari za treni. Alikuwa ameifungua honi akaielewa kwa kuitazama. Akazipuliza moja moja kwa mpira wa kompresa, nami nikashika simu yenye programu ya noti, ile wapigaji taarabu wanayolinganishia ala zao. Ya tatu ilisoma 440 kasoro kidogo sana. Kisha akazifunga zote kwenye kitako, akafungua hewa.

Kompresa ya karakana haina pumzi ya treni, na sauti ile haikudumu zaidi ya sekunde nne. Lakini zilikuwa sauti tatu, zimeshikana, zenye ile huzuni ambayo nilikuwa nimeisahau, na waliokuwa wakinywa chai ng'ambo ya barabara walisimama wote. Macho yalinijaa. Nilikuwa nimekwisha kuitunga sentensi ya kuwaandikia wenzangu, kwamba mtu asikanyage pale, na papo hapo nikaona kwamba nitakuwa ninasema uongo, kwa sababu kazi ya kiwambo kile sijaiona pengine popote katika pwani yetu.

Kisha ikaja risiti. Chini ya kiwambo na gasketi palikuwa na mstari mwingine: kung'arisha, shilingi 1,500. Ile kazi ya bure, niliyoikataza, iliyoniharibia nilichokitunza kwa miaka mingi, nilitakiwa niilipie, na mwenye karakana aliweka mkono juu ya gunia mpaka nilipe. Basi la Mokowe lilikuwa linakaribia kuondoka. Nililipa.

Kwa hiyo siwezi kuisifu karakana ile, wala siwezi kumzuia mwenye honi bubu asiende kumtafuta kijana yule mpole. Mimi mwenyewe nina honi nyingine ya tarumbeta moja inayokwaruza, na upepo ukitulia nitampelekea. Nitampelekea sehemu ya nyuma tu, kiwambo na bolti zake ndani ya kikapu. Tarumbeta yenyewe itabaki Lamu, na namba yake.