Seti ya plastiki ya shimo la ukaguzi: inalipa kwa meza ya treni za mfano Dodoma?

Nunua seti moja, usinunue nne. Shimo la ukaguzi ni lile la karakana, katikati ya reli, ambamo fundi hushuka kukagua kichwa cha treni kwa chini. Mashimo hayo ya plastiki, yale ya kuunganisha mwenyewe yanayoagizwa kutoka maduka ya treni za mfano ya Ulaya, yana kuta zilizochongwa vizuri na ngazi ambazo ni kazi kubwa kuziiga kwa mkono. Lakini urefu wake umepangwa na kiwanda, na plastiki yenyewe haipendi chumba cha bati cha Dodoma mwezi wa Oktoba. Seti moja itakupa kielelezo. Mashimo mengine ya karakana yako yatoke kwa fundi mabango.

Kabla ya kulipia chochote, amua unajenga reli ipi. Reli ya Kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 ina upana wa mita moja kati ya reli na reli. SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ni ya mm 1435. Kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo kimegawanywa kwa 87, SGR inatoka mm 16.5 kamili, na seti nyingi za skeli hiyo zimetengenezwa kwa upana huo. Reli ya zamani inatoka mm 11.5, nayo hujengwa kwa njia ya mm 12. Seti ya mm 16.5 haipungui yenyewe: itabidi ukate mm 4.5 katikati ya sakafu na ngazi, kwa urefu wote, kisha uunganishe tena. Inawezekana, ila sakafu hubaki na mshono na ngazi hazikai sawa. Kwa anayejenga karakana ya vichwa vya dizeli vya reli ya zamani, mfano wa ile ya Morogoro, seti hizi hatuzipendekezi kabisa.

Urefu ndio udhaifu wa pili. Kichwa cha mita 20 kwa 1:87 ni mm 230, na shimo linatakiwa lizidi kichwa ili fundi ashuke ngazi treni ikiwa juu. Kwa hiyo mm 250 hadi 260, bila kuhesabu ngazi. Shimo fupi kuliko kichwa linaonekana kosa hata kwa mtoto. Pima kichwa chako kirefu kuliko vyote, kiunganishi hadi kiunganishi, halafu ndipo usome vipimo kwenye boksi. Soma pia kama reli zimo na ni za kimo gani. Mara nyingi hazimo, na vishikio vya reli ya kodi 100, yenye kimo cha mm 2.5, havishiki vizuri ile ya kodi 75 ya mm 1.9.

Sasa joto, kwa sababu hapa ndipo seti nzuri huharibika mikononi mwa mjenzi mzuri. Katika shimo la mm 250, joto likipanda nyuzi 20 kutoka alfajiri hadi alasiri, reli ya nikeli-silva inarefuka chini ya mm 0.1. Plastiki ya polistairini inarefuka karibu mm 0.35. Ukizigundisha kwa supagluu kutoka mwanzo hadi mwisho, kimoja lazima kishinde: ama vishikio vinang'oka, ama kuta zinapinda kwa ndani na njia inabana. Gundi iwekwe katikati tu, kama sentimita mbili kila upande wa reli, na kwingine reli iteleze kwenye vishikio. Acha nafasi ya nusu milimita kila ncha inapokutana na njia ya kawaida. Na nyaya za umeme zichomelewe kwenye reli kabla hazijaingia kwenye seti. Polistairini inalainika karibu na nyuzi 100, na pasi ya kuchomelea ina joto zaidi ya mara tatu ya hapo.

Ukifuata hayo, seti ni nzuri na tunaisifu. Lipo jambo moja tu kuhusu kina: shimo halisi la kusimama mtu ni kama mita 1.3, yaani mm 15. Seti ikikupa mm 8 au 9, kata sakafu, ongeza kipande cha ukuta chini, rudisha sakafu. Rangi nyeusi ya mafuta itaficha mshono.

Kwa mashimo yanayofuata, nenda kwa fundi mabango ukaombe mabaki ya ubao mweupe wa PVC wa mm 3. Kwa shimo moja unahitaji vipande viwili vya mm 260 kwa 16 vya kuta, kimoja cha mm 260 kwa 20 cha sakafu, na vipande vidogo vya kupanga ngazi. Ukuta mmoja na mwingine viachane mm 14. Kila ukuta utatokeza mm 1.25 ndani ya uso wa reli, ndipo gundi ya vishikio itakapopata pa kushika. Usihofie magurudumu kugusa ukuta, maana ukingo wa gurudumu unashuka milimita moja hivi tu chini ya uso wa reli. Kwa reli ya zamani, kati ya kuta iwe mm 9.5 na sakafu mm 15.5.

Onyo ambalo mafundi wengine hawalijui: PVC haikatwi kwa mashine ya leza. Inatoa gesi yenye klorini inayodhuru mapafu na kula vyuma vya mashine. Ikatwe kwa kisu na rula ya chuma, mikato mitatu hafifu badala ya mmoja wa nguvu. Fundi akitaka kutumia leza, mpe akriliki au MDF ya mm 3.

Supagluu inaganda kwa unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma hakina unyevu wa kutosha. Kuanzia Julai hivi utaona kiungo kimekaa dakika kadhaa bado kinateleza. Wengi huongeza gundi, na hilo ndilo kosa; kiungo kinazidi kuwa dhaifu. Pitisha kitambaa kibichi karibu, au puliza pumzi ya mdomo juu ya kiungo kabla ya kubana.

Tundu kwenye meza lizidi kidogo boksi la shimo ulilojenga: upana wa mm 21 kwa boksi la mm 20, na milimita moja upande wa urefu. Toboa pembe nne kwa keekee, kata kwa jigsoo ndani ya mstari, malizia kwa tupa. Chungulia chini ya meza kwanza, boriti isije ikapita hapohapo. Boksi la kimo cha mm 19 lishikilie kwa vipande viwili vya mbao na karatasi ngumu, ongeza au punguza karatasi mpaka juu ya kuta palingane na juu ya mataruma, vile vipande vya kulalia reli. Kosa la nusu milimita hapa ndilo linaloangusha bogi ya mbele, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa.

Vishikio vikate kutoka kipande kibovu cha njia: ondoa taruma, bakiza kishikio chenye mm 4, panga kila mm 7 au 8. Gundi inapoganda, pima upana kati ya reli kwa vernia kila sentimita tatu. Njia ya 16.5 ikifika 16.2, kichwa cha bogi za magurudumu sita kitapanda juu ya reli, ingawa behewa la magurudumu manne litapita bila shida na kukudanganya kwamba kazi imekwisha.

Taa usiiache, shimo lisilo na taa ni mtaro tu. Ukanda wa LED wa volti 12 wa maduka ya umeme, wenye taa 60 kwa mita, unakatika kila sentimita 5, taa tatu kila kipande. Vipande viwili kila ukuta vinatosha, chini ya ukingo, na volti zishushwe hadi 9 hivi, vinginevyo utapata mwanga wa duka la simu.

Kuta zipake rangi ya maji nyeupe iliyochafuliwa na kijivu, sakafu nyeusi katikati pale mafuta yanapodondokea. Vumbi jekundu la hapa ni zuri sana ukilichuja kwa kitambaa cha soksi, lakini pitisha sumaku kwanza, tena mara mbili: chembe za chuma zilizomo hupanda kwenye mota ya kichwa na hazitoki kirahisi.