Miezi minane na msala wa ukindu kutoka Pemba

Nimeununua shilingi 35,000 kwa bibi mmoja anayesuka barazani kwake, nje kidogo ya mji wa Wete. Ni mkeka wa kusalia wa mtu mmoja, ukindu mtupu (majani ya mkindu), mweupe wenye mistari myekundu na pindo la kijani. Mimi ni mrefu kiasi na unanitosha. Nikisujudu vidole vya miguu bado vimo ndani. Faradhi nasali msikitini nikiweza, kwa hiyo huu ni wa sunna na wa sala za usiku. Naandika kwa sababu watu wawili watatu wameniuliza nimeupata wapi, na kila nikijaribu kujibu kwa ufupi nashindwa.

Kabla yake nilikuwa na ule wa manyoya wenye picha ya Al-Kaaba, unaouzwa karibu kila duka la Darajani, mjini Unguja. Siusemi vibaya. Ni laini, magoti yanapumzika, na bei yake ilikuwa chini ya huu. Lakini mwezi wa nne mwaka jana hoteli niliyokuwa nikifanya kazi, huko pwani ya mashariki, ilifungwa kwa masika kama kawaida, na orodha ya kurudi kazini ilipotoka, jina langu halimo. Mshahara wa mwezi wa mwisho mpaka leo sijauona. Basi nikawa nasimama kusali, macho yanazunguka kwenye ile minara iliyofumwa, moyo unapiga hesabu: kodi, ada za watoto, deni la dukani. Mara nyingi nilisahau niko rakaa ya ngapi. Mtume (S.A.W.) aliwahi kusali na nguo yenye nakshi, nakshi zikamshughulisha, akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo nyengine isiyo na nakshi. Hadithi hiyo, iliyomo katika Bukhari, niliisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Sikuwahi kudhani inanihusu mimi.

Mwezi wa tano nilivuka kwenda Pemba kumtazama mamkubwa wangu aliyekuwa anaumwa, na yeye ndiye aliyenielekeza kwa huyu bibi. Nilimkuta amekaa, ukili mrefu, ule ukanda uliosukwa, umezungushwa pembeni yake kama gurudumu, chane za ukindu mapajani, vidole vinakwenda wenyewe huku yeye anatazama mawingu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwambia nataka msala, na nina safari ya kurudi Unguja Alhamisi. Utakuwa tayari?

"Mungu akipenda."

"Siku gani, bibi?"

Akavuta fungu la ukindu uliokwishaingia madoa meusi, akanionesha. "Huu mvua imeuwahi. Ukindu hauwi mweupe bila ya jua, na jua si langu. Langu mimi kuuanika asubuhi, na mvua ikija kuuanua. Nikishafanya hayo, usingizi wangu naulala wote."

Nilichukia, nasema kweli. Nilitaka tarehe. Nilikaa pale muda wa saa moja hivi nikisubiri mvua ipungue, na katika saa hiyo aliinuka mara mbili kuanika na mara mbili kuanua, kila mara bila ya kunung'unika, anarudi kukaa na kuushika ukili pale pale alipouacha. Nilimlipa nusu nikaondoka.

Maneno yake yalinirudia nikiwa chomboni, tumeshaiacha bandari ya Mkoani. Mimi barua za kazi nilikuwa nimekwishapeleka sita. Kuanika nilikwishaanika. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nilitaka na jua liwe langu: saa nane za usiku nafungua simu kuangalia kama kuna aliyejibu, kama kwamba kuna mwenye hoteli anayeandika barua saa hiyo. Doa gani liko wapi kwenye dari ya chumba changu, nilikuwa nalijua.

Watu husema kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, ni kukaa ukasubiri. Huyu bibi hakukaa. Mtume alipoulizwa na mtu, nimfunge ngamia nitawakali au nimwache nitawakali, alimjibu: mfunge, kisha utawakali. Na ndege aliowapigia mfano, wanaotoka asubuhi matumbo matupu wakarudi jioni wameshiba, basi hutoka. Kilichokuwa kigumu kwangu ni kile cha baada ya kufunga kamba: kukubali kwamba mimi ni mja, mkono wangu una mwisho, na baada ya hapo yupo Mwenyewe.

Msala ulifika baada ya wiki tano, umeletwa na jamaa aliyekuwa anakuja Unguja, umeviringishwa ndani ya kanga kuukuu. Harufu yake ni ya nyasi zilizokauka, na usiku dirisha likiwa limefungwa inajaa chumba kizima. Hauna manyoya, kwa hiyo sijda unaisikia. Nikiinuka nikijipapasa kipaji cha uso, nakuta mistari ya ukili imechapika, imejipinda kama ilivyosukwa. Wiki ya kwanza nilichelewa kujifuta maji ya udhu, rangi nyekundu ikanichapa pajini na kwenye mkono wa kanzu. Ya pajini ilitoka kwa maji. Ya kanzu ipo mpaka leo. Kwa hilo anayetaka kuagiza namshauri aombe mweupe mtupu.

Usiukunje, viringisha, ukindu ukikunjwa mara kwa mara hukatika kwenye mkunjo. Usiutie kwenye beseni la sabuni, futa kwa kitambaa kibichi kisha uache kivulini, maana jua lile lile lililoufanya uwe mweupe hupausha rangi. Masika uweke palipo juu, usilale chini kwenye saruji, utaota ukungu. Katikati, pale pa magoti, wangu umeanza kuwa wa kahawia. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume alialikwa chakula kwao, Anas akachukua mkeka wao uliokwishakuwa mweusi kwa kutumika, akaunyunyizia maji, na Mtume akasali juu yake. Tangu nilipoikumbuka hadithi hiyo ile kahawia hainishughulishi.

Kazi ya kudumu bado sijapata. Siku tatu kwa wiki nauza duka la vifaa vya umeme, siku nyengine nazunguka na barua. Hesabu ni zile zile. Lakini naamka saa kumi, nausali usiku wangu, na nikisema subhana rabbiyal-a'ala kichwa kikiwa chini, kwa ule muda mfupi sina cha kukishikilia. Kisha narudi kitandani, na nalala mpaka adhana.

Nimeagiza wa pili, wa mama, mweupe mtupu na pindo la zambarau. Nusu ya pesa nimeshaipeleka. Siku ya kuuchukua sikumuuliza.