Fundi wa Diski za Kizamani, Barabara ya Luthuli

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu, na hesabu za miaka ya mwanzo zimo katika diski kuu mbili za tarakilishi ya kizamani ambayo ghafla ilikataa kuzitambua zote mbili. Duka la kwanza nililoingia katikati ya jiji lilinitangazia, bila hata kufungua kasha, kwamba diski zimekufa na kwamba ninunue mpya. Sikuridhika, nikaibeba mashine hadi kwa fundi mwenye kibanda ghorofani katika Barabara ya Luthuli.

Huyu alianza kwa swali: "Mama, ni nani aliyeifungua mashine hii mara ya mwisho?" Nilikiri kwamba ni mwanangu, alipoongeza diski ya pili. Fundi akazichomoa zote, akanionyesha mchoro uliobandikwa mgongoni mwa kila moja, kisha jampa, kidude cha plastiki kadiri ya punje ya mchele kinachounganisha pini mbili. Zote mbili zilikuwa zimewekwa kuwa masta, yaani diski ya kwanza kwenye kebo, ilhali kebo moja ya IDE, ile bapa ya mashine za kizamani, hubeba masta mmoja na slevu mmoja tu, yaani diski ya pili. "Fahali wawili zizi moja," akasema huku akiihamisha jampa ya diski ya pili kwa koleo ndogo. Akaitoa kebo iliyokunjika, akatia nyingine, akahakikisha kwamba ukingo wake mwekundu umeelekea pini ya kwanza, na alipowasha, bayosi, programu inayoiamsha mashine, ikaziorodhesha diski zote mbili. Kazi ilichukua nusu saa na kunigharimu shilingi 700.

Alinionya pia kuwa diski nyingi za Western Digital za aina hiyo zina tabia yake: diski ikibaki peke yake kwenye kebo, jampa huondolewa, kwa sababu mkao wa masta umekusudiwa pale ambapo slevu yupo, na ukiiacha hapo diski huenda isionekane. Ushauri huo peke yake ulitosha kufidia nauli yangu.

Lawama ninayo. Kebo aliyonitilia ilikuwa ya nyaya 40, ambayo huibana kasi isizidi megabaiti 33 kwa sekunde, nami niliigundua nyumbani wakati wa kunakili faili. Niliporudi hakubisha, aliweka ya nyaya 80, plagi ya buluu kwenye mazabodi (bao kuu la mashine), nyeusi ya mwisho kwa masta na ya kijivu ya katikati kwa slevu, wala hakudai senti zaidi. Hata hivyo hatoi risiti mpaka umwombe, na hushika diski bila kugusa kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, uzembe ambao nisingeutarajia kwa mtu makini kiasi hicho.

Mwenye diski za SATA, aina mpya iliyochukua nafasi ya IDE, asipande ngazi zile kwa ajili ya masta na slevu, kwa kuwa kila diski ya aina hiyo ina kebo yake.