Malezi au dhana za kijinsia: kipi kinatuongoza zaidi katika mapenzi?

Aliyeona wazazi wakigombana kisha wakipatana mbele yake huchukulia ugomvi kuwa jambo la kupita. Aliyezoea baba anayenuna wiki nzima hujifunza kwamba kimya ni adhabu. Mwenza akinyamaza jioni moja tu, moyo unamwenda mbio. Watafiti John Bowlby na Mary Ainsworth walichunguza mafungamano ya mtoto na mlezi wake, na mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaupeleka mtazamo huo kwenye mapenzi ya watu wazima. Mazoea ya utotoni si kifungo cha maisha, maana mwenza mtulivu anaweza kuyalegeza polepole.

Dhana za kijinsia hazina mwalimu mmoja. Zimo kwenye utani, matangazo na nasaha za harusi: mwanamume halii, mwanamke huvumilia. Ajabu ni kwamba msingi wake ni mwembamba. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Janet Hyde alipitia chambuzi 46 za tofauti za kisaikolojia kati ya wanawake na wanaume, akakuta nyingi ni ndogo au karibu na sifuri.

Kwa maoni yangu malezi yana nguvu zaidi, ila dhana ndizo ngumu kuzigundua. Ugomvi wa wazazi unakumbukwa. Nani anakumbuka siku aliyofundishwa kwamba mke ndiye wa kuomba radhi kwanza? Tena mara nyingi mafunzo yote mawili hutolewa na mzazi yuleyule: binti anatumwa kuosha vyombo, kaka yake anaachwa acheze.