Kipepeo, Gede: usikimbilie magofu kabla hujaingia hapa

Wengi hufika Gede, pwani ya Kenya, kwa ajili ya magofu ya mji wa kale, hasa tangu yaingie kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na Kipepeo, mradi wa kufuga vipepeo, huipita palepale bila hata kugeuza shingo. Mimi nilianzia huko na watoto wawili wa kaka yangu. Magofu tuliyaona baadaye, tena kwa haraka.

Pahala penyewe si pakubwa. Ni banda la wavu lililosheheni mimea, na anayetafuta bustani ya kupigia picha za harusi ataona kichaka tu. Simama kando ya mdimu kidogo, macho yazoee. Kile ulichodhani ni kinyesi cha ndege juu ya jani kumbe ni kiwavi mchanga, na hiyo ndiyo hila yake ya kuponea midomo ya ndege. Mwongozaji alimgusa mmoja aliyekwisha kunenepa, akachomoza kama pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali juu yake. "Shangazi, amekasirika!"

Hapo ndipo somo lilipoanza. Kipepeo jike hatagi popote. Kila aina ina mimea yake ambayo viwavi wataila, na mingi ni ya msitu wa jirani, Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo anayepanda maua mazuri peke yake anawaandalia vipepeo wakubwa mbochi, ule utamu wa maua, viwavi wanakosa chakula. Na akinyunyiza dawa kwa sababu majani yametoboka, basi asishangae maua yake kukosa wa kuyabebea chavua. Wapo pia vipepeo wasio na haja na ua: Charaxes, wenye mwili mnene, hufuata ndizi zilizooza, hata kinyesi. Watoto walilipenda hilo kuliko yote, bila shaka.

Mradi huu ulianza 1993, wakati wakazi wengi wa kando ya Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wapate mashamba. Sasa wapo wanaokamata majike msituni, wanalea viwavi nyumbani na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda wageuke vipepeo, zinazosafirishwa kwa ndege kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Lazima ziende upesi, maana hazisubiri mtu. Msitu ukiisha, mbegu ya biashara imeisha. Kwangu mimi hoja hiyo ina nguvu kuliko mabango yote ya "tutunze mazingira".

Mkienda, fikeni kama saa nne asubuhi, jua likiwa limepata nguvu. Kukiwa na mawingu vipepeo hujibanza chini ya majani na mtaona wavu tu. Msizunguke wenyewe, bila maelezo ya mwongozaji nusu ya uhondo inawapita. Mwombeni awaonyeshe pupa zilizoanza kubadilika rangi, kwani hizo ndizo zinazokaribia kupasuka, na kwa bahati mtamkuta mmoja akinyoosha mbawa. Asali ya pale nunueni pia.