TAHADHARI: Seti za koki na mabomba ya bafu zinazouzwa kama "robo tatu" wakati ni nusu inchi

Ndugu zangu mnaojenga na mnaokarabati, kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza "seti kamili ya bafu": koki au miksa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi), mabomba ya plastiki ya PPR, mipira ya kuunganishia na fitingi zake, vyote kwenye boksi moja. Kila tangazo lake lina maneno "robo tatu yote". Si kweli. Mimi ni fundi bomba, na niliitwa na mteja aliyefungiwa seti hiyo kwenye hodhi la kuogea, lile la kujilaza ndani. Koki imefunguliwa hadi mwisho, maji yanatiririka kinyonge, na kabla hodhi halijafika nusu, maji ya moto yameshapoa.

Sinki la kunawia linatosheka na koki ya nusu inchi kwa sababu maji yake ni kidogo. Hodhi linaweza kumeza lita 150 hivi kwa kuoga mara moja. Ukipata lita 20 kwa dakika, limejaa ndani ya dakika 8. Ukipata lita 8, utasubiri karibu dakika 19. Ndiyo maana hodhi hufungiwa koki ya robo tatu na bomba linaloendana nayo: kipenyo kikitoka nusu inchi kwenda robo tatu, nafasi ya kupitisha maji inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Sasa angalieni mchezo wenyewe. Mteja alipolalamika, muuzaji alimjibu bila wasiwasi: "Chukua rula upime." Akapima. Bomba likasoma milimita 20. Muuzaji akamwambia robo tatu ya inchi ni milimita 19, kwa hiyo amepewa hata zaidi ya alicholipia. Mteja akanyamaza, kwa sababu rula haikudanganya.

Rula haikudanganya, lakini alipima nje. PPR huitwa kwa kipenyo cha nje. Bomba la 20 ndilo linaloshika nafasi ya nusu inchi. Lile la PN20 (PN ni daraja la presha ambayo bomba linahimili) lina unene wa milimita 3.4 kila upande, kwa hiyo tundu linabaki milimita 13.2. La robo tatu ni 25, ambalo kwa PN20 lina unene wa 4.2 na tundu la 16.6. Muuzaji anayajua haya vizuri sana, maana kwenye bomba la mteja kulikuwa na stika nyeupe iliyoandikwa 3/4", imebandikwa sawasawa juu ya maandishi ya kiwandani. Nilipoibandua kwa ukucha, chini yake kulisomeka wazi: 20 x 3.4. Hiyo huwezi kuiita bahati mbaya. Na yeye huyohuyo anauza la 25 kama "inchi moja", kwa hesabu hiyohiyo ya rula.

Kwenye koki anatumia mtego uleule. Mkia wa koki ya nusu inchi, ukipima nyuzi zake za kukazia kwa nje, unasoma kama milimita 21. Asiyejua ataona imezidi 19, basi ni robo tatu. Hapana. Nyuzi za robo tatu halisi zina karibu milimita 26 na nusu kwa nje. Kama mkia wa koki uliyoletewa unasoma 21, umeuziwa koki ya nusu inchi hata kama boksi limeandikwa nini.

Hapa niseme haki: miksa ya ukutani huwa na nati kubwa za robo tatu, huku viungio vyake vinavyoingia ukutani vikiwa nusu inchi. Hivyo ndivyo inavyotengenezwa, si wizi. Wizi ni kupiga picha ile nati peke yake na kuandika chini yake kwamba njia nzima ni robo tatu.

Mipira ya kuunganishia, ile iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Nati yake kweli ni ya robo tatu. Chungulia ndani: kuna kijibomba ambacho kidole cha mwisho hakipiti. Maji yanapita kwa kadiri ya sehemu nyembamba kuliko zote, kwa hiyo hata ungekuwa na koki na bomba sahihi, mpira huo ungekurudisha palepale.

Ukimbana kuhusu maji kidogo, ana majibu mawili. La kwanza, "presha ya tangi lako ni ndogo". Huenda ni ndogo kweli. Kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya kama baa 0.1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya koki linakupa baa 0.3 tu. Hiyo ndiyo sababu ya kuhitaji njia pana, na pia ndiyo sababu alipaswa kukwambia kabla kwamba miksa inayodai baa 1 haifai kwa tangi la kimo hicho. Jibu la pili ni la hatari: anakuahidi kubadilisha kwa PN10 "yenye tundu kubwa". Tundu ni kubwa kwa sababu ukuta wa bomba ni mwembamba. PN10 ni ya maji baridi. Msiifunge kwenye njia ya maji ya moto, hasa inayofukiwa ukutani.

Kuhusu ubora wa koki zenyewe: tazama nyuzi, mahali ambapo kromu haijafunika vizuri. Koki nzuri ni ya brasi, na brasi ni ya njano. Hizi zilikuwa za kijivu, rangi ya zinki. Sumaku haitakusaidia kutofautisha, kwa kuwa hainasi brasi wala zinki. Na bomba la kutolea maji machafu ndani ya seti ni la milimita 32, saizi ya sinki. Hodhi linataka 40.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji yeyote akutumie picha ya maandishi ya kiwandani kwenye bomba, bila stika. Mzigo ukifika, chukua biti ya drili ya milimita 16 uiingize kwenye mdomo wa bomba. Kwenye 25 ya PN20 inaingia. Kwenye 20 ya PN20 haiingii kabisa.

Kama umeshanunua kwake, usiruhusu fundi achome (aunganishe mabomba kwa joto) wala kupiga plasta. Piga picha stika kabla ya kuibandua, kisha maandishi ya chini yake, uhifadhi na boksi na mazungumzo yenu yote. Bila hivyo atasema bomba umelitoa kwingine, kama alivyomwambia mteja wangu. Jina la akaunti ameshalibadilisha. Picha za boksi na yale maneno "robo tatu yote" bado ni yaleyale.